Maji ya Udhu na Maua ya Jilaal

Msikilizaji wa Garissa, uwe Bula Iftin au Sankuri, Balambala au Masalani, Modogashe au Dadaab, na wewe jirani yetu wa ng'ambo ya daraja kule Madogo, kaa karibu na redio kwa dakika chache. Leo nina ombi, na ombi lenyewe linahusu nyuki.

Kila Jilaal, kiangazi chetu kikali, inapokaza kati ya Januari na Machi, nyuki huingia mjini. Wanajaa kwenye mfereji unaovuja, wanazunguka midomo ya mitungi iliyopakiwa kwenye mikokoteni ya punda, wanatua kwenye ukingo wenye unyevu pale waumini wanapotawadhia. Mtoto akitumwa maji anarudi analia, jicho limevimba. Punda akidungwa anatimua mbio na mkokoteni mzima. Ndipo mmoja analeta moshi, mwingine mafuta ya taa, mwingine bomba la dawa, na kesho yake nyuki waliokufa wanafagiwa pamoja na taka.

Sababu yao ya kuja ni ile ile inayokupeleka wewe mferejini. Joto la Garissa wakati huo hupita nyuzi 35. Ndani ya mzinga masega ni ya nta, na nta ikipata joto mno hulegea, na watoto wa nyuki hufa. Kwa hiyo nyuki hubeba maji tumboni, huyapaka kwenye masega kwa matone madogo madogo, kisha hupiga mabawa mpaka maji yageuke mvuke na nyumba ipoe. Laga, yaani mito ya msimu, zikikauka na mabwawa ya mifugo yakabaki tope, kilichobaki ni mto Tana na mfereji wako. Maua nayo yamekwisha. Kundi zima linahangaika na kiu na njaa kwa wakati mmoja, na sisi tunalipokea kwa dawa.

Msikilizaji, kuna watu wema wengi Garissa wanaotaka kuupendezesha mji huu. Kuna vikundi vya vijana wanaozoa taka, kuna akina mama wenye vitalu vya miche, kuna shule zenye klabu za mazingira, na kuna wafanyabiashara wanaopanda miti mbele ya maduka yao. Nawaombea kheri wote. Ninachowaomba ni kwamba kazi hiyo ya kupamba mji ianze kwa kuwauliza nyuki wanataka nini, na ianzie pale ambapo maji tayari yanamwagika kila siku. Mji huu mvua yake ya mwaka mzima kwa wastani haifiki milimita 400. Bustani inayosubiri maji mapya yanunuliwe haitaishi. Bustani inayokunywa maji yaliyokwisha kutumika itaishi.

Lakini kwanza nikuonyeshe kwa nini nyuki anastahili kuulizwa.

Nenda shamba la mtoni, upande wa Korakora, ufike jua likichomoza. Mtikiti una maua ya namna mbili kwenye mtambaa mmoja. La kiume limekaa juu ya kikonyo chembamba, basi. La kike utalijua kwa alama moja: nyuma yake pana kitikiti kidogo chenye manyoya laini, ukubwa wake hauzidi ncha ya kidole. Ua hilo hufunguka asubuhi na hufungwa mchana wa siku hiyo hiyo, wala halifunguki tena. Katika saa hizo chache ni lazima mdudu atoke kwenye ua la kiume akiwa na chavua mwilini, aje atue kwenye la kike. Tena haitoshi aje mara moja. Tikiti lenye umbo zuri limetembelewa mara nyingi asubuhi ile. Wasipokuja kabisa, kitikiti hugeuka manjano na kuanguka. Wakija wachache, chavua ikashika upande mmoja tu, tunda linakua limepinda, upande mmoja mnene na mwingine umesinyaa, na likifika sokoni mchuuzi analisukuma kando.

Mkulima akiona hivyo hulaumu mbegu, hulaumu mbolea, hulaumu chumvi ya udongo. Mara nyingine analaumu sawasawa. Lakini nimewasikia wakulima wengi wakizungumzia mavuno mabaya ya tikiti bila hata mmoja kuuliza asubuhi zile nyuki walikuwa wapi. Na jibu linaweza kuwa chungu, maana wakulima wengi wa kando ya mto hupuliza dawa asubuhi, kabla jua halijawa kali, saa mbili au saa tatu. Hiyo ndiyo saa ua liko wazi na nyuki yuko ndani yake. Dawa ile ile ikipulizwa jioni, maua yamefungwa na nyuki wamerudi mzingani, inaua viwavi na vidukari na inaacha nyuki wengi zaidi wakiwa hai. Kubadilisha saa hakugharimu hata shilingi moja. Kama kuna jambo moja la leo utakalompelekea jamaa yako mwenye shamba, mpelekee hili.

Na si tikiti pekee. Chavua ya maua ya mwembe hubebwa na nzi na nyuki wadogo ambao hatuwapi hata jina. Mpapai wa kike hungojea nondo wakubwa wenye ulimi mrefu wanaoruka machweo na alfajiri. Habari hiyo imechunguzwa hapa hapa Kenya na mtaalamu wa wadudu Dino Martins, Mkenya aliyeandika kitabu kizima kuhusu wachavushaji wa Afrika Mashariki. Mkuyu wa kando ya Tana una nyigu wake mdogo mno, anayeingia ndani ya tunda na kutaga humo, na bila yeye mkuyu haupati mbegu. Duniani kote, takriban robo tatu ya aina za mazao makuu ya chakula hutegemea wanyama na wadudu wa namna hii, kwa kiasi kikubwa au kidogo. Ndimu unayokamulia supu ya mbuzi imo.

Na wadudu hawa wamepitia mengi. Mwishoni mwa mwaka 2019, nzige wa jangwani walipovuka kutoka Somalia na kuingia Mandera, Wajir kisha Garissa, dawa ilipulizwa kutoka ardhini na kutoka angani. Malisho yalikuwa yanaliwa mbele ya macho yetu na jambo lilibidi lifanyike. Lakini dawa ya kuua nzige huua pia wadudu wengine inaowakuta. Kisha ikafuata ile misimu mitano ya mvua iliyokosekana kati ya 2020 na 2022, mifugo ikafa, na miti mingi ikashindwa kutoa maua. Halafu mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zikaja kwa kishindo, Tana ikavunja kingo, mashamba ya mtoni yakazama na barabara ya Madogo ikakatwa. Nzige, dawa, ukame na mafuriko, vyote ndani ya miaka minne. Mdudu mdogo aliyevumilia hayo yote akafika kwenye mfereji wako kuomba tone la maji, mimi naona ana haki ya kupewa.

Sasa tuje kwenye mapambo yenyewe.

Mtu akipewa kazi ya kupamba mzunguko wa barabara au ua wa ofisi, jambo la kwanza linalomjia ni bogenvilia. Ni maua ya kupendeza, na hustahimili jua. Lakini hebu lishike tawi ulitazame kwa karibu. Ile rangi ya zambarau au nyekundu ni majani yaliyojipaka rangi. Maua ya kweli ni vile vidogo vyeupe vilivyo katikati, vyenye mrija mwembamba, na nyuki wa asali hapati kitu cha maana pale. Nyuki anaweza kupita kwenye ukuta mzima wa bogenvilia akiwa na njaa. Nyasi za kapeti zinazoletwa kwa lori kutoka bara nazo hunywa maji kuliko ng'ombe, na ua hazitoi.

Mwarobaini siulaumu. Huu ndio mti uliotufanya tuweze kukaa nje saa nane mchana. Wazee wanafanyia vikao chini yake, mama mboga anatandika meza yake chini yake, na mbuzi hautamani sana. Lakini tumeupanda peke yake mtaa hata mtaa, nao una msimu wake wa maua, na msimu ukipita, umepita. Mji wenye mti wa aina moja ni mji unaowalisha nyuki wiki chache kisha unawafunga mlango.

Na ule mti wa mathenge? Hapa nitasema ukweli wote. Mathenge uliletwa nchini katika miaka ya 1970 na 1980 kuzuia jangwa na kutoa kuni, na hapa kando ya Tana ulipandwa kwenye mradi wa umwagiliaji wa Bura. Nyuki wanaupenda. Unachanua hata ukame ukiwa mkali, kwa kuwa mizizi yake inakwenda chini kuliko ya jirani zake. Lakini umefunga njia za mifugo kwenda mtoni, umemeza malisho, sukari ya maganda yake huozesha meno ya mbuzi, na mahali unapojikita nyasi na vichaka vingine hukosa nafasi. Mwaka 2006 wakazi wa Baringo walifika mahakamani dhidi ya serikali kwa sababu ya mti huo. Mtu asikwambie tuuache kwa ajili ya asali. Ukate, uchome makaa yake, utumie matawi yake yenye miiba kuzungushia miche mipya, mradi uyakate kabla hayajaweka maganda. Na kila unapong'oa, panda kitu kingine cha kumlisha nyuki, la sivyo umemnyang'anya chakula chake cha Jilaal.

Kitu gani hicho? Jibu liko kwa wachungaji wetu. Muulize mzee yeyote aliyechunga ngamia Lagdera au Fafi ni mti gani hutangulia kuchanua kabla ya Gu, msimu wa mvua za masika, atakuambia bila kufikiri. Bilcil, ule wenye miiba iliyopinda inayoshika kanzu, huvaa maua meupe yenye harufu tamu ukiwa bado hauna majani, ardhi ikiwa kavu kabisa. Cadaad, mti wa gundi, nao huwahi hivyo hivyo. Hii ndiyo miti inayoliziba pengo kati ya mwisho wa Jilaal na mvua ya kwanza, wakati ambapo mzinga umebakiwa na asali kidogo mno. Imekatwa sana kwa makaa na kuni, hasa karibu na mji na karibu na kambi za wakimbizi za Dadaab. Mche wa bilcil ukipandwa kwenye kingo za mji, mbali na njia ya watoto kwa sababu ya ile miiba, unawafanyia nyuki kazi ambayo hakuna ua la kununua litakaloifanya.

Ndani ya mji panda mimea inayokaa vizuri na watu. Mlonge: ukipata maji kidogo huchanua sehemu kubwa ya mwaka, maua yake meupe hujaa nyuki, na majani yake mama anayapika. Mhina: ukiupanda kwa mstari huwa ua mzuri wa nyumba, maua yake madogo hunukia jioni nzima, na sidhani nahitaji kumweleza mwanamke wa Garissa kazi ya majani yake kabla ya harusi na kabla ya Idd. Kichaka hiki hakihitaji kubembelezwa, maana kwenye kingo za laga za nchi kavu humea chenyewe. Ndimu. Mrihani, hata kwenye debe lililotoboka, ukiacha uchanue badala ya kuukata kila siku. Mshubiri, unaosimamisha maua yake mekundu na ya chungwa wakati kila kitu kimekauka, na ambao ndege chozi huujia kabla hata nyuki hajaamka. Mshubiri wa porini ulichunwa ovyo kwa ajili ya utomvu wake hadi Rais Moi akapiga marufuku uvunaji huo mwaka 1986. Kuurudisha kwenye bustani za mji ni kuulipa deni.

Na kwa ile mizunguko ya barabara ambayo kila mtu anataka ipendeze, tunalo waridi la jangwani, linaloota lenyewe kwenye nyika zetu: shina nene lililovimba, halina jani hata moja, na juu yake maua ya rangi ya waridi yanayotokea kiangazi. Watu wa nchi za mbali hulinunua kwa bei kubwa kwenye vyungu vidogo. Tahadhari moja tu: utomvu wake ni sumu, kwingine hutumika hata kwa mishale, kwa hiyo lisipandwe shuleni wala mahali mifugo inapopita. Lipandwe katikati ya barabara, palipozungushiwa, na lioteshwe kwa mbegu, lisichimbwe porini.

Maji je?

Hesabu misikiti ya mji huu, kisha zidisha mara tano kwa siku. Maji ya udhu hayana sabuni wala mafuta. Ni maji safi yaliyopita juu ya mikono na nyuso na miguu ya watu, na mahali pengi huishia kwenye mtaro wa saruji na kutoka hapo barabarani, ambako hufanya tope na mbu. Dini yetu inatukataza israfu ya maji hata mtu akitawadha kando ya mto unaotiririka, na inatufundisha kwamba apandaye mti, akala matunda yake mtu au ndege au mnyama, ameandikiwa sadaka. Nyuki mwenyewe ana sura yake katika Qur'ani, Surat An-Nahl. Kwa hiyo ninaposema kwamba kila msikiti wa Garissa unaweza kuwa na bustani ya nyuki, sileti jambo geni.

Kazi yenyewe ni ndogo. Mahali mtaro unapotokea, chimba karo lisilo na kina, mita mbili kutoka ukutani ili msingi usilowe. Tia kokoto chini ili maji yasituame. Kutoka hapo toa mfereji mwembamba wa udongo, na kando yake chimba mashimo ya miche, kila moja lenye ukingo wa nusu mwezi upande wa chini wa mteremko, lishike maji ya mfereji na maji ya mvua pia. Milonge miwili, mhina mstari mmoja, mndimu mmoja, mrihani chini yake. Zungushia miiba, maana mbuzi wa mji huu hawana adabu ya bustani. Bawabu wa msikiti na vijana wa madrasa wanaweza kuitunza bustani hiyo bila kuongeza hata ndoo moja ya maji ya kununua.

Kisha weka sinia la nyuki. Chombo chochote kipana kisicho na kina kinafaa: kifuniko cha sufuria, karai kuukuu, kipande cha mtungi uliopasuliwa. Lijaze kokoto na vijiti vinavyotokeza juu ya maji, kwa sababu nyuki hunywa akiwa amesimama na katika maji wazi huzama. Liweke kivulini, hatua kadhaa mbali na mfereji wa watu. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui: nyuki akishazoea chemchemi fulani ataendelea kuirudia, hata ukimwekea bora zaidi kando. Ukingoja mpaka Februari, mfereji umejaa nyuki, umechelewa. Sinia liwekwe mvua za vuli, Deyr, zinapoisha Desemba, kabla hawajauzoea mfereji, na lisikauke hata siku moja. Likikauka mara moja, watarudi bombani.

Shule zina nafasi kubwa kuliko tunavyofikiri. Kenya ilianzisha klabu za 4-K mwaka 1962, Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, na wazee wengi wanaonisikiliza walishika jembe lao la kwanza humo. Zikafifia, kisha zikafufuliwa mwaka 2021 ziende sambamba na mtaala unaomtaka mtoto alime kwa mikono yake. Tangi la shule halikosi kuvuja mahali, na penye tone pana bustani. Lakini naomba walimu watofautishe mambo mawili: shuleni yapandwe maua, mizinga isiwekwe. Nyuki wetu ni wakali wakichokozwa, na mzinga haukai vizuri na watoto mia tano na mpira. Mizinga iende shamba la mtoni, nyuma ya uzio, mbali na nguzo ya punda, na mwenye kuitunza awe na vazi na moshi.

Tena nyuki wa asali ni mmoja tu kati ya wengi. Nchi hii imejaa nyuki wanaoishi peke yao, wasio na malkia wala asali ya kuvuna, na wengi wao hutaga kwenye matundu ardhini, kwenye udongo mtupu uliopigwa na jua, au ndani ya vijiti vyenye uwazi. Kila tunapotandika kabro kutoka ukuta hadi ukuta, kila tunapofagia hadi mwamba, tunaziba nyumba zao. Mwenye kupamba ua wa ofisi aache kona moja ya udongo mtupu na rundo la vijiti. Haitapendeza kwa mkubwa anayekuja kukagua, lakini iache.

Kusini mwa kaunti yetu, Ijara na Hulugho, kuelekea Hifadhi ya Boni iliyotangazwa mwaka 1976, wanaishi Waaweer, ambao wengi tunawaita Waboni. Hawa wameishi na asali tangu enzi na enzi. Ndege mlembe humwita mtu, humtangulia mti hadi mti mpaka kwenye shimo la nyuki. Mtu huchukua asali, ndege huachiwa sega lake. Tangu shughuli za usalama zianze msituni mwaka 2015, watu hawa wamepata shida kuufikia msitu ambao ndio soko lao, duka lao la dawa na darasa la watoto wao. Wanajua mti gani huchanua mwezi gani kuliko mtu yeyote ninayemfahamu katika ofisi yoyote. Kikundi chochote cha Garissa kitakachotaka kuandika kalenda ya maua ya eneo hili, mwezi kwa mwezi, kianze kwa kuwaalika wazee wa Kiaweer na wachungaji wa ngamia wakae meza moja, na walipwe kwa siku yao kama mtaalamu mwingine yeyote anavyolipwa.

Dadaab nako kuna fundisho. Kambi zilipoanza mwaka 1991, kuni zilikatwa mpaka wanawake wakawa wanatembea mchana kutwa kutafuta mzigo mmoja, na njiani walikutana na hatari kubwa. Miaka ya 1990 shirika la Kijerumani la GTZ lilisaidia kuanzisha kazi ya mazingira pale, na baadaye mashirika mengine yakaiendeleza: miche kwenye vitalu, majiko yanayookoa kuni, na maeneo yaliyozungushiwa uzio yasilishwe wala kukatwa. Ardhi yetu ina mbegu nyingi zilizolala. Ukiizuia miguu ya mbuzi misimu michache, sehemu ya kijani hurudi yenyewe bila mche kupandwa. Ndiyo maana nasema pesa ya kikundi ikiwa kidogo, itangulie kwenye uzio kabla ya miche. Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa likizo ya kupanda miti, sehemu ya mpango wa kufikia miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mche uliopandwa siku ya hotuba bila uzio na bila mtu wa kuumwagilia, Garissa hauoni Jilaal yake ya kwanza ikiisha.

Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, kwa pendekezo la Slovenia, na iliadhimishwa mara ya kwanza mwaka 2018. Kwetu siku hiyo huangukia ndani ya Gu, udongo ungali na unyevu. Inafaa iwe siku yetu ya kutia mbegu kitaluni, ili miche iwe tayari kuhamishwa Deyr ikianza Oktoba.

Na mbegu usinunue. Maganda ya mgunga, mti mwingine unaofaa kupandwa, yamelala chini ya mti wake, yale yaliyojisokota kama pete. Chagua yasiyo na matundu, kwa kuwa yenye matundu fukusi ameshatangulia. Yaweke mbali kabisa na maganda ya mathenge, ambayo ni ya manjano na hayakujisokota. Mbegu za mgunga zina ganda gumu, hazikubali maji kwa urahisi. Zinazopita tumboni mwa mbuzi huota upesi zaidi, lakini usiziokote zizini, maana mbuzi huyo huyo amekula na mathenge na utapanda usichokitaka. Ni afadhali uzitoe kwenye ganda kwa mkono, uzimiminie maji ya moto yaliyokwisha kuepuliwa, uziache usiku kucha. Asubuhi zile zilizovimba ziko tayari, tia mbili mbili kwenye kila kifuko cha udongo. Zilizobaki ngumu zikwaruze upande mmoja kwa jiwe, uzirudishe majini. Bilcil na cadaad hazina haja ya maji ya moto; mbegu zake ni laini, zipande zikiwa mpya.

Wanaotaka kuanza, waonane na imamu wao kuhusu ule mtaro wa maji ya udhu wiki hii.